Mgeni Hakula Kitu

Mrika alimchinja jogoo saa mbili asubuhi, kabla Dila hajarudi kutoka kumkamua mbuzi. Dila alipotokea uani akakuta manyoya yamezagaa juu ya theluji na mama mkwe wake amekunja mikono ya sweta, ndoo ya maji ya moto miguuni.

"Mama, umefanya nini?"

"Unaona nilichofanya."

"Jogoo mmoja tuliyebaki naye!"

"Gjovalin alipiga simu jana. Yule binti wa dodoso anakuja leo. Ulitaka tumpe maharage?"

"Ndiyo," Dila alisema. "Nilitaka tumpe maharage. Nilitaka ayaone maharage. Amelipwa kuja kuyaona."

Mrika aliendelea kunyonyoa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na nane, mjane, mfupi na mgumu kama kisiki, na tangu mumewe afariki yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba ile. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye hati. Kwa watu wa Mirdita, milimani kaskazini mwa Albania, hilo halikuhitaji maelezo.

"Gjovalin anatujua," alisema. "Anajua hali ya Ndue. Cheti atatupa. Huyu binti ni mgeni tu, anapita. Nenda kwa Tone ukaazime vikombe."

Dila alisimama na maziwa yake, hayakufika nusu lita. Aliwahi kumweleza mara tatu, nne. Alimweleza kwamba mambo yamebadilika, kwamba siku hizi Gjovalin hatoi chochote, ni karani tu. Mdadisi anauliza, majibu yanaingia kwenye mashine huko Tirana, mashine inatoa alama. Kaya yenye alama chini ya mia inapewa cheti cha umaskini. Kaya yenye mia na kuendelea inapewa pole. Na bila cheti cha mwaka huu, hospitali isingempasua mumewe Ndue mgongo bure tarehe kumi na nne Aprili, na bei ya upasuaji ule hata kuitamka ilikuwa kichekesho: leki laki nne.

Ndue alianguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo la watu huko Ugiriki. Mwenye kazi alimlipia basi la kurudi nyumbani. Tangu hapo, mwaka na miezi minne, alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kulikuwa na jiko la kuni, na nyumba nzima iliishi humo: Ndue kitandani, Mrika kwenye benchi, Dila na binti yao Leze wa miaka tisa kwenye godoro sakafuni. Vyumba viwili vingine vilikuwa vinavuja, vikawekwa nyasi za mbuzi na mahindi. Cha nne kilikuwa chumba cha wageni.

Tone, jirani wa bondeni, alitoa vikombe vyake sita vyenye ukingo wa dhahabu akivihesabu kimoja kimoja.

"Mnampokea nani, askofu?"

"Mtu wa dodoso."

"Ha! Kwangu alikuja wiki jana. Nilificha hata mito. Mume wangu nilimvalisha koti la kulimia." Tone alimtazama. "Bi harusi, usiniambie yule mzee wako anampikia."

Dila alikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa na bado aliitwa bi harusi. Angeitwa hivyo mpaka Mrika afe.

"Jogoo," alisema.

Tone alijishika kichwa. Kisha akaongeza sahani ndogo sita. "Chukua na hizi basi. Kama mnajizika, jizikeni vizuri."

*

Mdadisi aliitwa Rudina. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na nne hivi, mwenye kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni na viatu visivyofaa theluji. Alipovivua mlangoni, soksi zilikuwa zimelowa na kidole kimoja kinachungulia. Mrika alikiona. Aliingia ndani akatoka na soksi nzito za sufu alizozifuma mwenyewe kwa ajili ya Ndue, nyeupe zenye mistari miwili myekundu.

"Bibi, siruhusiwi kupokea kitu."

"Kwani nimekupa? Nimekuvalisha. Ingia, utapata homa ya mapafu mlangoni kwangu, watu waseme nini?"

Chumba cha wageni kilinukia nta na baridi. Kulikuwa na kochi jekundu ambalo bado lilikuwa na nailoni ya dukani, kabati la kioo, zulia, picha ya Moyo Mtakatifu, televisheni, na pembeni friji nyeupe yenye kitambaa cha kufuma juu yake. Mashine ya friji ile iliungua miaka mitatu iliyopita. Ndani mlikuwa na mashuka ya Mrika ya kufia.

Rudina alikaa, nailoni ikalia. Dila alileta kahawa, kipande cha peremende laini na kikombe kidogo cha raki, pombe kali ya kienyeji, kisha akabaki amesimama karibu na mlango, sinia kifuani. Mbele ya mgeni bi harusi hakai, wala haongei kabla hajaulizwa.

Upande wa pili wa ukuta Ndue alikuwa ameambiwa asigune.

"Wanaoishi hapa ni wangapi, bibi?"

"Wanne. Mimi, mwanangu, huyu bi harusi, na mtoto. Yuko shule."

"Mwanao anafanya kazi gani?"

"Fundi ujenzi."

"Kwa sasa yuko kazini?"

"Kwa sasa anapumzika."

Rudina aliinua macho. "Anaumwa?"

"Mgongo kidogo. Kijana yule ana nguvu, atanyanyuka."

Kidole cha Rudina kilitafuta kwenye orodha. Kulikuwa na *ana ulemavu*, *anatafuta kazi*, *mgonjwa kwa muda*. Akabonyeza ya tatu.

"Nyumba ina vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Vyote vinatumika?"

"Hakuna chumba changu kinachokaa bure."

"Televisheni naiona. Friji naiona." Alibonyeza, akabonyeza.

"Mama," Dila alisema kwa sauti ya chini, "friji..."

Mrika aligeuza shingo taratibu. "Friji imefanyaje?"

Dila aliangalia sinia. "Hapana. Nilidhani mgeni anataka maji ya baridi."

"Februari hii? Una akili wewe?" Mrika akamgeukia Rudina, akacheka. "Watoto wa siku hizi."

Kwenye dodoso palikuwa na *ipo* na *haipo*. Walioliandika, huko ofisini kwao, hawakuwaza mtu anaweza kuwa na friji ya kuwekea sanda.

Rudina alikunywa kahawa kidogo. Swali lililofuata alilisoma haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Katika siku saba zilizopita, kuna siku mtu yeyote wa kaya hii amekosa mlo kwa sababu hapakuwa na chakula?"

Mrika aliweka kikombe chini.

"Binti yangu, hilo ni swali la kumuuliza mtu nyumbani kwake?"

"Nauliza kila nyumba, bibi."

"Na wanakujibuje?"

"Siruhusiwi kusema."

"Wanakujibu hapana. Andika hapana."

Dila alikuwa amelala njaa Jumatatu na Jumatano. Mrika mwenyewe alikuwa amelala njaa Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, na alijua kwamba Dila anajua. Hakumtazama.

"Nyama mmekula mara ngapi?"

Harufu ya jogoo ilikuwa imeshapenya chini ya mlango. "Muulize pua yako," Mrika alisema.

Chakula kilipoletwa mezani, Rudina alifunga kishikwambi na kusimama. Alisema kanuni ni kali, haruhusiwi kula wala kunywa kwa mtu, hata ile kahawa amekosea. Mrika alimshika bega akamkalisha. Alisema kanuni za huko ni za huko, za humu ni zake, na tangu babu wa mumewe ajenge nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kutoka na njaa, hata askari waliokuja kumkamata mumewe. Rudina alikuwa ametoka kwao saa kumi na moja alfajiri. Aliangalia paja lililokuwa kwenye sahani yake, akaangalia mlango, kisha akala. Alikula kama mtu ambaye naye hakuona nyama siku nyingi.

"Wa kwa nani wewe?" Mrika aliuliza, akimwongezea mkate.

"Baba yangu alikuwa mgodini Kurbnesh, kwenye shaba. Alibaki humo nikiwa na miaka kumi."

"Na mama?"

"Yupo. Nina wadogo wawili, wanasoma. Mimi ndiyo nafanya kazi. Hii ni mkataba wa miezi mitatu, wakiniona nafaa wataniongeza."

"Watakuongeza," Mrika alisema. Akampasulia kidari.

Shingo na mabawa alipelekewa Ndue. Dila alimkuta amelala ubavu, taulo katikati ya meno.

"Ameondoka?" alinong'ona.

"Bado. Mama anampa kidari."

"Tumefika ngapi?"

"Sijui, Ndue. Hatuambiwi."

*

Dila alimfuata Rudina hadi getini. Alizungumza haraka, akiangalia nyuma.

"Dada, friji ni mbovu. Vyumba viwili vinavuja. Mume wangu hawezi kusimama, anajisaidia kwenye beseni. Rudi jikoni dakika moja tu umwone."

Rudina alisimama. Alikuwa amevaa soksi za Ndue ndani ya viatu vyake vibovu. "Nilidhani," alisema. "Ukuta ule... nilisikia mtu."

"Basi badilisha."

"Imeshaondoka. Nikibonyeza mwisho inaondoka yenyewe. Ili niifungue tena lazima niombe, na niseme sababu. Nitasema nini? Kwamba nimekaa saa mbili na nusu nikila jogoo? Mkuu wa kaya amejibu, amesaini kwa kidole." Macho yake yalijaa maji, akayafuta kwa ukali. "Kuna sehemu ya maoni. Naweza kuandika huko."

"Nani anasoma hayo maoni?"

Rudina alifikiri. Alikuwa msichana mkweli.

"Hakuna," alisema.

*

Orodha ilibandikwa katikati ya Machi kwenye mlango wa ofisi, namba tu bila majina, eti kutunza siri. Kila mtu alijua namba ya kila mtu. Mrika na Dila walishuka kwa gari la maziwa. Walipofika kulikuwa na watu ishirini mbele ya mlango ule, na mmoja wao, mzee Preng wa kinu, aligeuka akavua kofia kwa madoido.

"Mrika! Umetajirika hata kutualika hukutualika?"

Watu walicheka. Kaya namba 417, alama 118.

Mrika alisoma namba ile akiifuata kwa kidole, kama mtu anayesoma kaburi. Kisha akaivuka foleni yote na kuingia ofisini. Gjovalin alikuwa anakula mkate wa jibini juu ya mafaili. Alikuwa mtoto wa rafiki wa mumewe. Alinyanyuka nusu.

"Gjovalin, wewe unanijua."

"Nakujua, Nana Mrika."

"Unamjua Ndue."

"Namjua."

"Sasa?"

"Sasa mashine haimjui." Alifuta mikono. "Ilikusikiliza wewe. Kochi, kabati la kioo, friji, vyumba vinne, nyama. Mwanao anapumzika. Nana, ulikuwa unamposea mke?"

Mlango ulikuwa wazi, nje kimya, wote wanasikiliza. Dila alitaka kuufunga, kitasa hakikuwepo.

"Nitaandika upya," Mrika alisema. "Niletee karatasi. Nitaandika hatuna kitu."

"Ukiandika hivyo unakiri kwamba mwanzo ulidanganya. Maelezo ya uongo ni miaka miwili nje ya orodha. Sheria siyo yangu." Gjovalin alishusha sauti, ingawa haikusaidia kitu. "Njia ipo moja. Kila kaya kumi, moja inarudiwa na msimamizi. Haji kuwauliza nyinyi mna nini. Anakuja kumchunguza mdadisi: alifika, alikaa muda gani, aliuliza sawasawa, alipokea chochote. Ikionekana amevunja kanuni, amekula kwa mfano, hojaji inafutwa kama haikuwepo. Anatumwa mwingine, mnaanza upya. Naweza kuwaingiza kwenye kumi ile. Kabla ya Aprili mtakuwa mmeshahojiwa tena."

"Na yule msichana?"

Gjovalin aliutazama mkate wake. "Yule msichana anakwenda nyumbani."

*

Siku kumi na moja hawakuzungumza kingine. Walizungumza wakikata kabichi ya chumvi, walizungumza pia wakimgeuza Ndue asioze mgongo.

"Ni neno moja tu, Mama," Dila alisema. "Alikula. Na ni kweli alikula! Sikuombi udanganye. Mara hii nakuomba useme kweli."

"Alikula mkate wangu na chumvi yangu."

"Ndiyo hiyo ninayosema."

"Huelewi. Nyinyi wa tambarare hamuelewi." Dila alitoka Lezha, mwendo wa saa moja. "Mtu akishakula kwako, kilichompata nje ya mlango wako ni juu yako. Mume wangu alikaa miaka mitano gerezani kwa mtu aliyekula kwetu usiku mmoja. Jina lake hata sikuwahi kulijua."

"Na ulimshukuru mumeo? Ulilea watoto peke yako."

Mrika aliendelea kukata kabichi.

"Huyu hapa," Dila alisema, akionyesha kitanda kwa kisu. "Huyu alikula nini siku ile? Shingo."

"Dila, acha," Ndue alisema.

"Siachi! Wewe nawe sema. Ni mgongo wako."

Ndue alitazama dari. Zamani alikuwa mtu wa mizaha, harusini walimgombania. "Mama," alisema, "yule daktari alisema tukichelewa, hata miguu hii inayohisi baridi itaacha. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia alichosema daktari."

Leze, aliyekuwa akiandika hesabu zake juu ya benchi, aliacha kuandika.

Mrika alitoka nje kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika. Aliporudi alikuwa na theluji kichwani. "Nitasema," alisema. "Mungu anisamehe na marehemu anisamehe. Akija nitasema alikula. Na sitampeleka kule chumbani. Nitamleta huku huku, aone."

Dila aliubusu mkono wake, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya harusi.

Walijaribu pia kuuza kabati la kioo, ili mdadisi mpya asilikute. Mnunuzi aliligonga kwa vidole, akasema mbao za kuchomea, leki elfu tatu, usafiri juu yenu. Walilihamishia chumba cha nyasi. Friji ilimshinda Dila mlangoni, ikakwama hapo kiasi kwamba kuingia chumba cha wageni ilibidi upite upandeupande.

*

Msimamizi alifika mwishoni mwa Machi, theluji ikiyeyuka, ua wote tope. Bwana Agron, wa makamo, miwani, koti zuri. Mrika alimpokea mlangoni na hakumwelekeza kulia kwenye chumba cha wageni. Alimwelekeza kushoto. Mwenyewe alishika kitasa cha jikoni, akafungua. Hakuna mgeni aliyewahi kupitishwa mlango ule.

"Ingia," Mrika alisema. "Huku ndiko tunakoishi. Yule ni mwanangu. Beseni lile ni lake. Lile godoro analala bi harusi na mtoto. Sufuriani kuna kabichi na maji, funua uone."

Bwana Agron alisimama kizingitini, viatu vimejaa tope. Alimwitikia Ndue kwa kichwa. Kisha akafungua karatasi yake.

"Pole sana, bibi. Ila hiyo siyo sehemu yangu. Mimi nina maswali manne tu."

"Uliza."

"Tarehe sita Februari, mdadisi alifika hapa?"

"Alifika."

"Alikaa muda gani?"

"Sina saa. Muda wa kutosha."

"Alikusomea maswali yote?"

"Yote. Hata ambayo hayaulizwi."

Bwana Agron aliandika. Dila alikuwa karibu na jiko. "La mwisho. Alipokea kutoka kwenu chakula, kinywaji, au zawadi ya aina yoyote?"

Mrika alivuta pumzi. Na hapo, kupitia dirisha dogo la jikoni, akamwona.

Rudina alikuwa amesimama uani kando ya gari. Msimamizi alimchukua njiani, kwa sababu siku hiyo binti alikuwa na nyumba tatu za kuhoji juu zaidi na basi hakuna. Alikuwa amekatazwa kusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa, kishikwambi amekikumbatia kwa mikono miwili, na juu ya vile viatu vibovu ilionekana mistari miwili myekundu ya sufu.

Mrika alitazama muda mrefu. Bwana Agron alilazimika kulirudia swali.

"Hapana," Mrika alisema.

"Hakula?"

"Mgeni hakula kitu. Hakunywa hata maji."

Kwenye kijiji kile mwanamke wa umri wake angekubali kwanza kuitwa mwizi kuliko kutamka maneno yale kuhusu nyumba yake.

"Alikula!" Dila alikuwa ameshafika katikati ya jiko na mlango. "Bwana, alikula jogoo mzima! Alikunywa kahawa na raki, na zile soksi alizovaa ni za mume wangu, mtazame hapo nje, mtazame miguuni!"

Bwana Agron aligeuka, akamtazama Rudina kupitia dirisha, akamtazama Mrika. Alikuwa mtu mwenye haki kwa kadiri kazi yake ilivyomruhusu.

"Bibi, mkweo anasema alikula."

"Mkwe wangu ana mume mgonjwa," Mrika alisema. Sauti haikutikisika. "Atasema lolote."

"Na soksi?"

"Soksi kama zile zinafumwa na kila mwanamke wa Mirdita. Nenda sokoni uone."

Dila alimgeukia mumewe. "Ndue! Sema!"

Ndue alikuwa amefumba macho. Labda alikuwa akiumwa. Midomo yake ilisogea kidogo, kisha ikakaa.

"Jibu ninaloruhusiwa kuandika ni la mkuu wa kaya," Bwana Agron alisema taratibu. Akaandika. "Basi hojaji ni sahihi. Majibu yanabaki kama yalivyo." Alimpa Mrika kalamu. Mrika alisaini safari hii kwa jina zima, herufi moja moja.

Hakumwambia aketi. Hakumwambia hata angoje kahawa. Gari lilipoendelea kupanda mlima, Rudina aligeuka kwenye kioo cha nyuma, lakini jikoni hapakuwa na mtu aliyekuwa anatazama nje.

Dila alikaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Hakulia, alikuwa akisugua doa la tope alilokanyaga msimamizi, kwa kidole, pale pale, mpaka likapotea na bado akasugua.

"Umemuua mwanao," alisema.

"Najua nilichofanya."

"Kwa msichana asiyejua hata jina la baba yako."

"Najua, bi harusi." Mrika alivua kilemba, akakifunga tena, akakaza. Alionekana mdogo ghafla, kama mtu aliyeshuka kutoka juu ya kitu. "Nyanyuka. Nisaidie."

"Nikusaidie nini tena?"

"Kule kuna dirisha kubwa. Jua la Aprili linaingia tangu asubuhi. Hapa anaoza."

Waliisukuma friji ile pamoja mpaka ikapita mlangoni na kuanguka kifudifudi kwenye korido. Walifungua madirisha. Kisha wakamshika Ndue kwa shuka, Mrika kichwani, Dila miguuni, Leze aliyekuwa ndiyo kwanza karudi shule akishikilia milango, wakambeba hatua kwa hatua, wakimwambia vumilia, vumilia, mpaka wakamlaza kwenye kochi jekundu. Nailoni ililia chini yake. Mrika alimfunika blanketi la wageni.

Ndue alifumbua macho. Aliona Moyo Mtakatifu, zulia, alama nyeupe ukutani palipokuwa na kabati. Tangu azaliwe alikuwa ameingia chumba kile labda mara kumi, na kila mara kwa sababu moja.

"Nani anakuja?" aliuliza.

"Hakuna anayekuja," mama yake alisema. "Lala."